Nyomi la Odin: kisa cha jumba la sinema lililobomolewa pamoja na mtaa wake

Nianze na namba moja tu, 1,200. Hizo ndo siti zilizokuwemo ndani ya jumba la sinema la Odin pale Sophiatown, magharibi ya Johannesburg, na kwa enzi zile za miaka ya 50 kupata jumba la ukubwa huo ambalo mtu mweusi wa Afrika Kusini anaingia, anakaa siti anayotaka na hamna wa kumfukuza, hiyo ilikuwa habari kubwa kweli.

Leo halipo. Halikuungua, halikufilisika, wala halikuuzwa likageuka godauni au kanisa la kilokole kama yalivyoishia majumba mengi ya sinema huku kwetu. Lilienda na mtaa mzima. Serikali ya makaburu ilianza kuibomoa Sophiatown Februari 1955, wakaenda nayo nyumba kwa nyumba miaka kadhaa, watu kama 60,000 wakahamishwa, alafu juu ya kifusi wakajenga nyumba za wazungu wa kipato cha chini na mtaa wakaupa jina jipya, Triomf. Kwa Kiafrikaans maana yake ushindi. Yaani unamvunjia mtu nyumba alafu unaita ushindi.

Kisa cha Sophiatown wengi tunakisikia kwa mtindo wa maombolezo, jazi ilikuwa tamu, watu walipendana, makaburu wakaja wakaharibu. Sipingi. Ila ukikaa na kisa cha Odin peke yake, lile jengo, kuna kitu kinajitokeza ambacho kwenye maombolezo hakisemwi sana, nacho ni kwamba jumba lile lilijaa mpaka likawadanganya viongozi waliokuwa wanasimama stejini. Waliona nyomi wakadhani wanaona mtaa mmoja wenye kauli moja. Haikuwa hivyo, na gharama yake ilikuja kuonekana.

Kwanza mtaa wenyewe ulitokeaje. Kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Herman Tobiansky, mwishoni mwa karne ya 19 akanunua shamba pale akakata viwanja. Mtaa akauita kwa jina la mkewe, Sophia, na barabara akazipa majina ya watoto, ndo maana kuna Toby, Gerty, Bertha na wenzao. Mpango wake ulikuwa awauzie wazungu. Ila jiji likaweka eneo la kumwaga maji machafu karibu na hapo, wazungu wakaziba pua wakaenda kutafuta viwanja kwingine, Tobiansky akabaki na viwanja vyake, ikabidi auze kwa yeyote mwenye hela. Weusi wakanunua, machotara wakanunua, Wahindi na Wachina nao wakajipenyeza. Kwahiyo harufu ya maji taka ndo iliyowapa weusi hati za viwanja Johannesburg. Na hii ilitokea kabla ya ile sheria ya ardhi ya 1913 iliyowafungia weusi karibu nchi nzima wasinunue ardhi, kwahiyo waliopata hati Sophiatown walikuwa nazo kihalali kabisa.

Hilo la hati likumbuke, tutalirudia.

Sasa mtu akishakuwa na kiwanja chake mjini, na mji unakua, na migodi na viwanda vinaita watu kila siku, anafanya nini? Anafanya kile kile ambacho baba mwenye nyumba wa Manzese au Buguruni angefanya, anajenga vibanda uani anapangisha. Chumba kimoja familia moja, bomba moja la maji uani kwa watu wote, choo foleni. Kufikia miaka ya 50 Sophiatown ilikuwa imejaa mpaka inamwagika, na wengi wao, wengi sana, hawakuwa wenye viwanja, walikuwa wapangaji wa hivyo vibanda vya uani. Mwenye hati alikuwa mmoja, nyuma yake uani familia kibao.

Jioni wote hao walikuwa wanaenda sinema moja.

Zilikuwa mbili pale mtaani, Odin na Balansky's, Odin ndo ilikuwa ya hadhi. Na sinema kwa mtu anayelala chumba kimoja na watu saba sio anasa kama tunavyodhani, ni pahala pa kukaa kwa masaa mawili bila kusukumana na mtu. Ila hata humo serikali iliingiza mkono. Sheria ya kukagua filamu ya 1931 ilikuwepo, na chini ya ukaguzi ule kuna filamu zilipigwa marufuku kwa watoto na kwa weusi kwa pamoja, tangazo moja, yaani mtu mzima ana ndevu zake, ana wajukuu, anawekwa fungu moja na mtoto anayenyonya kidole. Waandishi wa Sophiatown kama Bloke Modisane hilo liliwachoma sana, na lingemchoma nani lisimchome.

Zilizopita kwenye chujio zilipokelewa kwa fujo. Kuna filamu ya Kimarekani ya 1948, The Street with No Name, humo kuna jambazi anaitwa Stiles, kaigiza Richard Widmark. Kwa wazungu wa Hollywood huyo ndo mbaya wa picha. Sophiatown wakamgeuza stelingi. Vijana wa mtaa wakaanza kuvaa koti refu la mkanda kama lake, wanatafuna tufaha kama yeye, wanatembea kama yeye, hata jina wakachukua. Magenge yenyewe ukisoma majina unaona kabisa yametoka kwenye filamu na magazeti ya vita, kulikuwa na The Americans, The Berliners, Gestapo. The Americans walikuwa wanaiba mizigo kwenye mabehewa ya reli wanawauzia watu mtaani bei ya chini, alafu wanavaa suti za bei mbaya. Nasema haya ili mtu asidhani Odin ilikuwa mahali patakatifu. Ilikuwa na kelele, ilikuwa na wahuni, na kuna siku ungetoka pale bila saa yako.

Katikati ya miaka ya 50 jengo lile lile likawa linafanyiwa maonesho ya jazi, wakiwemo kina Kippie Moeketsi na Mackay Davashe, na wanamuziki wazungu walikuja wakapiga nao stejini, jambo ambalo kwa serikali ya ubaguzi lilikuwa ni kidonda. Jukwaa moja, rangi mbili, na wanaotazama wanapiga makofi.

Kwahiyo tayari unaona, jumba la sinema lilikuwa limeshakuwa zaidi ya sinema. Nje palikuwa na uwanja wanauita Freedom Square wa mikutano ya wazi, ila ukitaka kuweka watu elfu moja chini ya paa, mlango ufungwe, mvua isiwakute, msemaji asikike bila kupasua koo, kwa mtaa wa weusi pale hukuwa na pengine zaidi ya Odin. Shule zilikuwa ndogo. Makanisa yalikuwepo, la Kristo Mfalme ndo kubwa, ila sio kila mtu angeingia kanisani kusikiliza siasa.

Serikali iliyoingia madarakani 1948 ikaanza kuupigia hesabu mtaa. Lugha waliyoitumia ni ile ile ya kila bomoa bomoa duniani, makazi holela, uchafu, uhalifu, tunawapeleka mahali pazuri zaidi. Na uongo mzuri siku zote unabeba ukweli kidogo, maana msongamano ulikuwepo kweli na uhalifu ulikuwepo kweli. Ila angalia hivi, kama shida ni vibanda vya uani si unavunja vibanda vya uani, unaleta maji, unaleta mfereji wa majitaka, mwenye hati unamuacha kwenye kiwanja chake. Wao hawakugusa hilo wazo. Walichokitaka kifutike ni mweusi mwenye hati mjini, na jirani yake chotara, na jirani yake Mhindi, wote ukuta kwa ukuta. Ndo maana Meadowlands, mtaa mpya mbali na mjini walikopelekwa weusi, hapakuwa na hati ya kumiliki milele, na wakagawanywa kwa makabila, Watswana kivyao, Wazulu kivyao. Machotara na Wahindi nao wakaenda kwingine kabisa. Halmashauri ya jiji la Johannesburg yenyewe ilikuwa inasuasua kwenye hili zoezi, kwahiyo serikali kuu ikaipita, ikatunga sheria yake 1954 na kuunda bodi yake ya kuhamisha watu.

Tuje kwenye siku yenyewe ya Odin. Juni 1953, Jumapili, chama cha ukombozi cha ANC na wenzao wa chama cha Wahindi wameitisha mkutano wa kupinga kuhamishwa, ukumbi umejaa, 1,200 zote zimekaliwa. Nelson Mandela ameeleza mwenyewe kwenye kumbukumbu zake jinsi siku ilivyokwenda, na mi naona ni moja ya simulizi zinazoonesha vizuri jinsi polisi na sheria walivyokuwa wanachezeana.

Nje mlangoni afisa wa polisi anabishana na Walter Sisulu, kiongozi mwenzake Mandela ndani ya ANC, na padri mmoja Mwingereza wa Kanisa la Kristo Mfalme, Trevor Huddleston. Anasema Sisulu na Mandela wana amri ya kuwazuia kwenye mikutano kwahiyo wakamatwe. Huddleston akawaambia askari wamkamate yeye badala yao, na kawaita wapenzi, padri bwana. Akaambiwa asogee, akagoma. Mandela ni mwanasheria, akamtega yule afisa kwa swali, je una uhakika amri zetu bado zina nguvu au zimeisha, maana ukitukamata na zimeisha utakuwa umekamata watu kinyume cha sheria, na wewe unafikiri tungekuja hapa usiku huu kama hazijaisha? Kweli zilikuwa zimeisha muda wake. Afisa akajikuna, akarudi nyuma.

Ila ndani kazi iliendelea. Askari wanazunguka na bunduki katikati ya viti, wanasukuma watu, wanatukana. Yusuf Cachalia wa chama cha Wahindi ndo kaanza tu kuhutubia, meja wa polisi anaingia kwa mlango wa nyuma ya steji na watu wake, Mandela anajua kafuatwa yeye, anamuashiria, mimi? Yule anatikisa kichwa hapana. Wanaenda kwa Cachalia wanamburuza wanatoka nae. Huko nje wenzao wawili kwenye mapambano, Robert Resha na Ahmed Kathrada, walishakamatwa.

Hebu fikiria hapo. Watu 1,200 wamefungiwa kwenye jumba lenye milango michache, askari wana silaha, mtu wenu kaburuzwa mbele ya macho yenu, watu wameanza kuzomea na kuinuka. Kiti kimoja kikirushwa tu hapo zinamwagika risasi na watu wanakanyagana kwenye milango. Mandela akaruka jukwaani akaanzisha wimbo wa mapambano, ukumbi mzima ukadaka, hasira ikaingia kwenye kuimba. Askari hawakupata kisingizio. Mi hii sehemu kila nikiifikiria naona jamaa alifanya kazi ya mtu anayejua ukumbi, maana kuzuia nyomi lililopandwa na hasira kwa maneno huwezi, inabidi ulipe kitu cha kufanya kwa pamoja, na watu waliozoea kukaa mle kuitikia filamu na muziki kuitikia wimbo ni kazi ndogo.

Watu wengi wanaishia hapo, Odin ikawa shujaa. Sasa mi ndo napoanzia.

Waliokuwa wanaimba usiku ule walikuwa kina nani? Wenye hati walikuwemo, bila shaka. Na wapangaji walikuwemo. Wote walikuwa wanaichukia serikali ya makaburu kwa moyo mmoja, hilo halina mjadala. Ila kuichukia serikali na kutaka kubaki Sophiatown ni vitu viwili. Mwenye hati akihama anapoteza kiwanja, anapoteza kodi, anapoteza kitu alichokuja nacho babu yake kabla ya 1913, na fidia haiwezi kumrudishia haki ya kumiliki maana haki hiyo mjini haipo tena popote. Mpangaji wa kibanda cha uani analipa kodi kila mwezi, bomba la foleni, mvua ikinyesha anaweka ndoo. Huyo akiambiwa kuna nyumba Meadowlands, ya peke yako, hata kama ni mbali na mjini na huna hati, anaenda nyumbani anaiwaza. Anaiwaza kimya kimya, kwa sababu ukumbini Odin hawezi kusimama aseme.

Na ukumbi haukuuliza. Mikutano iliendelea, Freedom Square jioni baada ya jioni, kaulimbiu zikawa kali zaidi, hatuhami, labda mpite juu ya maiti zetu. Kwa mchanganyiko wao wa Kiafrikaans na lugha ya mtaani wakawa wanasema ons phola hier, yaani tupo hapa na tunakaa hapa. Mandela nae kwenye mkutano mmoja alipandwa akasema muda wa kupinga bila silaha umekwisha, uongozi wa juu wa ANC ukamwita ukamkaripia. Watu wanashangilia, viongozi wanasikia kushangiliwa, wanaongeza sauti, watu wanashangilia zaidi. Kwa wanaojua mikutano ya kampeni huku kwetu hilo gurudumu mnalifahamu, nyomi uwanjani alafu siku ya kura unakuta maboksi yanasema kingine.

Serikali ilitangaza kuhama ni Jumamosi tarehe 12 Februari 1955. Ikapiga marufuku mikutano ya hadhara Johannesburg kwa siku 20, alafu ikaja mapema, Jumatano tarehe 9, alfajiri, mvua inanyesha, na maelfu ya polisi na malori. Kaulimbiu ilikuwa ya tarehe 12, malori ni ya tarehe 9. Jioni ya kabla yake vijana zaidi ya 500 walikuwa wamekusanyika wanasubiri ANC iseme neno moja tu waanze, Joe Modise, mwanaharakati wa ANC, ndo akapewa kazi ngumu ya kuwaambia hapana, rudini, tukipigana hapa wanatuua wote. Vijana wale walikasirika, waliona wamesalitiwa. Na kwa upande wao walikuwa na haki, si waliambiwa maiti? Walikuja kutafuta kifo walichoahidiwa wakaambiwa hakipo.

Familia zikapandishwa kwenye malori na vitanda vyao na masufuria. Hakuna risasi, hakuna vita. Na wiki zilizofuata, hapa ndo penye uchungu, wapangaji wengi wakaanza kwenda Meadowlands wenyewe.

Haya sio maneno yangu ya kuwasengenya watu wa kale. Mandela kayaandika mwenyewe miaka mingi baadae, kwamba ile kaulimbiu ya maiti iliwafanya watu waamini ANC itapigana mpaka kufa wakati haikuwa na mpango huo, kwamba hawakuwapa watu mbadala wowote wa Meadowlands, na kwamba hawakuzingatia tofauti ya wenye nyumba na wapangaji. Wenye nyumba walikuwa na sababu za kubaki, wapangaji wengi walikuwa na sababu za kuondoka. Ndani ya ANC kwenyewe kuna kundi lililowashutumu viongozi kuwa wanalinda maslahi ya wenye nyumba. Kwa mzee wa heshima yake kukiri hivyo mi namvulia kofia, wengi wangeficha.

Kuna mtu atasema sasa ulitaka wafanye nini, serikali ina bunduki, wangeuliza wangejibiwa, bado mtaa ungevunjwa. Nakubali, ungevunjwa. Hamna mkutano wa aina yoyote ndani ya Odin ambao ungezuia makatapila. Ila kuna tofauti ya kushindwa ukijua nani yuko na wewe na kushindwa ukiwa umeshangaa. Wangekaa na wapangaji uani kwao, bomba kwa bomba, pengine dai lingekuwa jingine, tuboreshewe hapa hapa, hati na maji, badala ya hatuhami peke yake. Hilo dai serikali ingelikataa pia, ila mpangaji angekuwa na sababu yake ya kubaki na sio sababu ya kuazima kwa mwenye nyumba.

Mandela anasema funzo alilotoka nalo Sophiatown ni kwamba mwisho wa siku hapatakuwa na njia zaidi ya silaha. Yule Modise aliyewarudisha vijana nyumbani ndo baadae akawa kamanda wa jeshi la ANC, Umkhonto we Sizwe, na vijana wa jeshi hilo kambi yao mojawapo ilikuwa Kongwa hapa Dodoma. 1994 akawa waziri wa ulinzi. Kwahiyo ukiuliza Odin ilienda wapi, kipande chake kilipita Kongwa.

Na kipande kingine kilienda kusini kabisa. Huddleston, yule padri wa nikamateni mimi, mwishoni mwa 1955 aliitwa na shirika lake arudi Uingereza, na 1960 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Masasi. Masasi yetu hii ya korosho. Akakaa mpaka 1968, akajifunza Kiswahili, akawa rafiki wa Mwalimu Nyerere. Kuna wazee kule waliobarikiwa na mikono yake ambao hata hawajawahi kusikia neno Sophiatown. Alipofariki 1998 majivu yake yalirudishwa pale pale, Kanisa la Kristo Mfalme, ambalo ni moja ya majengo machache yaliyonusurika pamoja na nyumba ya Dokta Xuma, aliyewahi kuwa rais wa ANC.

2006 jina la Triomf likafutwa rasmi, Sophiatown ikarudi. Ukienda leo ni mtaa wa nyumba za kawaida tu zenye bustani mbele, kanisa unaliona, nyumba ya Xuma unaiona. Odin huioni. Ila kuna kitu makaburu walisahau au walikiona hakina maana, walibadilisha jina la mtaa, ila majina ya barabara wakayaacha, kwahiyo miaka yote ile wazungu wa Triomf walikuwa wanaandikiwa barua kwa majina ya watoto wa Tobiansky, Toby, Gerty, Bertha, barabara zile zile watu walizokuwa wanapita usiku filamu ikiisha.